Kilo Tatu na Robo

Siku sita nilikuwa karani wa mizani,
kibanda cha mabati kando ya barabara ya Mumias.
Trekta zinapanda na miwa, zinashuka tupu,
nami naandika: tani saba, nukta nne, mbili.
Sijamwibia mkulima hata pingili moja.
Waulize. Wataguna, lakini waulize.

Siku ya saba nilikuwa mwongo.

Tulikuwa wawili, mimi na Obunga fundi saa,
mtu wa Ugunja aliyehamia kwetu
na masanduku matatu ya springi
na ulimi usiojua mapumziko.
Tulishuka Nzoia, chini kidogo ya daraja,
pale maji yanapokunja goti kwenye majabali,
hudhurungi kama chai iliyosahauliwa mekoni.
Mishipi miwili, kopo la minyoo,
na donge la ugali lililokandwa kwa unga wa omena:
siri yake, aliyoiambia Mumias nzima.

Yeye ndiye aliyenifundisha jina, fwani.
Si sangara, mgeni aliyekaribishwa ziwani akala wenyeji.
Si sato wa hotelini, aliyezoea sahani.
Fwani ni mwana wa mto.
Ana ndevu nne za kupapasia matope,
mdomo mnene wa mtu anayetaka kununa,
magamba mapana, shaba iliyosuguliwa kwa majivu.
Kambare ukimnasa huja kama gunia, amekwisha kubali.
Fwani hakubali.
Anaupa mkondo ubavu wake,
anaukodi mto mzima umsaidie kuvuta.

Mwaka ule wa mvua nyingi nilimnasa mmoja.
Mshipi ulilia. Kiganja kilichanika, kovu hili hapa.
Obunga aliingia majini na viatu vyake vya kanisani,
akamkumbatia kama mkwe aliyechelewa,
wakazama wote, wakaibuka wote,
mmoja akitukana.

Nilimtundika kwenye mizani ya mkono niliyoiazima kazini.
Kilo tatu na robo.
Tukaitazama sindano. Tukatazamana.
"Hiyo," Obunga akasema, "tusimwambie mtu."

Basi nikafika nyumbani na kilo tano.
Nafula alifyonza kichwa, akaweka mfupa chini:
"Tano za nani?"
Krismasi zikawa saba.
Kwenye harusi ya Wangatia, tisa,
na Obunga, kutoka meza ya wapishi, akapaza sauti,
"Mwongo! Zilikuwa kumi na moja!"
Siku nyingine, ameamka vibaya:
"Mwongo! Mbili, tena moja ilikuwa matope!"
Nikipandisha, anashusha. Nikishusha, anapandisha.
Samaki mwenyewe aliliwa usiku mmoja, na mchuzi ukakombwa,
lakini vinywani mwetu
aliendelea kunenepa miaka kumi na minne.

Mwezi wa nne tulimzika Obunga kwao Ugunja.
Sikusema neno kaburini.
Mjane wake alinikabidhi kopo la minyoo,
ameliosha, amelifuta,
kana kwamba lilikuwa la sukari.

Jumapili hii nimeshuka peke yangu.
Maji yamekunja goti palepale.
Kijana mwenye fimbo ya mwanzi akanisogelea:
"Mzee, umewahi kupata mkubwa hapa?"
Nikafungua mikono kama zamani,
ikapita tano, ikapita saba,
ikafika tisa, ikaanza kutetemeka,
nikangoja mtu aniite mwongo.

Kijana akatikisa kichwa kwa adabu.
Mto ukapita na matawi yake.

Nikaanza kuirudisha mikono, taratibu,
hadi pale sindano iliposimama.
"Kilo tatu na robo," nikamwambia.

Akanitazama. Akayatazama maji,
na kikapu chake, chenye dagaa wanne wa kidole.
"Ah, mzee! Mto huu? Acha uongo."

Sikujibu.
Nilimkatia nusu ya donge.